Kesi ya Msibani kwa Kibwana

Mwanangu Nyamizi,

Mama yako yuko juu anafunga mizigo yako, na ninavyomjua, ameshasokomeza dagaa ndani ya soksi. Habari za sweta, za mafuta ya kupaka, za kula vizuri na kupiga simu kila Jumapili, hizo ni zake na ameshakupa mara nne. Mimi nimeshuka huku chumba cha kufulia. Nimetia shuka moja kwenye mashine ili mtu akiniuliza niwe na jibu, na ninakuandikia juu ya ile mashine ya pembeni iliyokufa tangu Machi. Inafaa sana kwa meza, haitikisiki.

Bahasha hii nitakupa kesho asubuhi pale stesheni, Union Station, ukishapata kiti chako. Isome treni ikishatoka. Nakujua, utataka kuifungua palepale mbele yangu uone nimekuandikia upuuzi gani. Safari hii hakuna upuuzi. Naona aibu hata kuandika sentensi hiyo, maana najua utacheka ukiisoma.

Neno lenyewe nalisema mapema nisije nikalikimbia. Ile hadithi ya msiba wa Kibwana, ile unayoipenda, uliyoiandika kwenye maombi yako ya kazi mpaka wakakuchukua, sikukusimulia yote. Nilikata kipande. Jumatano utasimama mbele ya wenzako kule jangwani Utah uisimulie, umeniambia mwenyewe kwamba mkuu wenu ameomba mfungue kazi nayo, na mimi baba yako nimekuacha ukajifunza kuisimulia vizuri kuliko mimi, huku nikijua ni uongo.

Wiki sita nimekuwa nikitafuta pa kuanzia. Siku ile barua yao ilipokuja uliruka pale jikoni ukanibusu kwenye kipara, nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake ukawa unamwonyesha mama yako picha za ile njia ya zamani: tuta la udongo linakwenda peke yake jangwani, reli zenyewe zilishang'olewa. Ukatueleza kwamba hiyo ndiyo reli ya kwanza kuvuka bara hili, kwamba upande mmoja ulijengwa na Wachina kwa maelfu, wakapasua milima ya mawe kwa nyundo na baruti, na makaratasi ya waajiri wao hayakuandika majina ya wengi wao. Mnakwenda kuchimba kwenye kambi zao mtafute vikombe, vifungo, chochote cha kusema mtu fulani alilala hapa. Mama Furaha, yule Mkongo wa ghorofa ya pili, aliposikia akashika kichwa. "Baba Nyamizi, mutoto iko na diplome na anaenda kuchimba udongo? Vraiment?" Ulicheka, halafu ukaniangalia. "Baba anaelewa," ulimwambia. "Babu zake walijenga reli yetu."

Hilo ni kweli. Babu wa baba yangu alibeba mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, begani enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa inaikaribia Tabora, na jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Ukipindua taruma la zamani kule kwetu utaona jina la kiwanda cha Ujerumani limepigwa kwenye chuma. Kiwanda kina jina, aliyelibeba hana. Nilikwambia hayo ukiwa na miaka saba na hukuyasahau. Nilikwambia pia kwamba reli ile ilituchanganya, Mnyamwezi akalala hema moja na Mzaramo, na badala ya kuchinjana wakakoleza utani wao: huyu ana haki ya kumtukana yule, kumwibia kofia, kumwita mtumwa wake, na atakayekasirika ndiye mshamba. Yote kweli. Kwa mambo ya watu waliokufa zamani mimi ni msema kweli hodari.

Sasa Kibwana. Naiandika kwanza kama unavyoijua, maana nataka uone nilipokata.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafanya kazi kwenye genge la reli magharibi ya Tabora, vijumba sita vya mawe kando ya njia na kisima kimoja. Babu yako, baba yangu mimi, ndiye aliyekuwa mnyapara. Kibwana alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mnene, anachechemea mguu wa kushoto, na kwa kuinua reli na mtaimbo hakuwa na mpinzani. Kwa kuwa yeye Mzaramo na mimi Mnyamwezi, hatukupumzishana. Alinitilia mchanga kwenye uji. Nilimwibia nguo akiwa anaoga nikazianika juu ya paa. Siku moja Kibwana akafa kwa ajali kazini. Msibani, kama ilivyo desturi, mtani ndiye mwenye kazi ya kuwachekesha wafiwa, kwa hiyo nikavaa shati lake na kofia yake, nikachechemea uwanjani, nikamfokea mkewe kwamba mchuzi umezidi chumvi. Kisha nikapiga magoti katikati ya watu nikalia, "Mimi ndiye niliyemuua!" Watu wakaangua kicheko. Wakanikamata, wakanifunga kamba, wakaniendeshea kesi palepale kwenye mikeka, bibi mmoja kibogoyo akiwa hakimu, na hukumu ikawa nimlimie mjane shamba nikiwa nimevaa gauni lake. Mjane, ambaye hakuwa amefungua mdomo kwa siku mbili, alicheka mpaka wakamshika asianguke.

Hapo wewe humalizia kwa kusema kwamba hivi ndivyo watu wa reli walivyobebana. Nimekusikia ukifanya mazoezi bafuni. Una sauti nzuri.

Kipande nilichokata kinakaa kabla ya msiba.

Genge likiwa kazini, mtu mmoja huwekwa mbali, penye kona, mahali anapoweza kuona njia inakotoka. Hana kazi nyingine. Anapewa filimbi na bendera nyekundu. Akiona treni, au kiberenge, kile kigari cha wakaguzi kinachokwenda juu ya reli, anapiga filimbi wenzake watoke njiani, na anainua bendera dereva asimame. Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Ni kazi inayochosha akili, Nyamizi. Unasimama juani kwa saa nne nzima huongei na mtu. Nikiwa kule mbali naiona kofia ya Kibwana inapanda na kushuka, na asubuhi ile alikuwa amesema mbele ya wote kwamba wanawake wa Kinyamwezi wanacheza ngoma kama watu wanaokanyaga siafu. Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa linaniwasha mwili mzima.

Treni ya mizigo ilishapita, nyingine ilikuwa ya mchana. Nikaiacha kona yangu nikasogea hatua mia mbili, labda zaidi, mpaka mahali watakaponiona vizuri. Nikaitoa bendera kwenye fimbo, nikaifunga kiunoni kama kanga, nikakaza fundo, nikatia filimbi mdomoni, nikaanza kucheza mdundiko, ngoma yao Wazaramo, kama mke wa Kibwana anavyocheza. Mdundiko bila filimbi haunogi, wewe mwenyewe umeona kwenye harusi zetu hapa. Wenzetu wengine walikuwa wameshuka tuta kunywa maji. Kibwana alikuwa peke yake juu ya njia. Aliponiona alitupa kichwa nyuma akacheka, akauinua mtaimbo kwa mikono miwili, akaanza kunijibu, kiuno kile kinene na mguu ule wa kuchechemea, katikati ya reli mbili. Alikuwa anacheza vizuri kuliko mimi. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akatingisha makalio ili anikomeshe kabisa.

Kiberenge kikatoka konani. Hakikuwa kwenye ratiba. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Kibwana, sikukisikia mpaka kilipokuwa karibu kunipita. Nikapiga filimbi kwa nguvu zangu zote. Yeye akazidisha kucheza. Nikapiga tena, akazidisha tena, alidhani nampigia ngoma. Nikashika fundo nifungue bendera niwaonyeshe wakaguzi, na fundo halikufunguka, nilikuwa nimelikaza lisidondoke nikicheza. Wale watu waliona kijana mwenye kitambaa chekundu kiunoni anarukaruka kando ya njia. Mmoja wao aliniambia baadaye alidhani nimelewa. Pale palikuwa na mteremko, hawakuweza kusimama mpaka mbali.

Sikumwona uso tena. Nilimwona mgongo tu, unacheza. Na hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yako: mdomo wangu ulikuwa bado umekenua. Mikono ilikuwa inapambana na fundo, na mdomo ulikuwa bado unacheka.

Nilimkimbilia, na babu yako ndiye aliyetangulia kupanda tuta. Alimwangalia Kibwana, kisha akaniangalia mimi kiunoni. Alitoa kisu mfukoni, akalikata fundo, akaipachika bendera kwenye fimbo yake na kunishikisha, kabla wengine hawajafika. Jioni akaandika ripoti: marehemu alionywa kwa filimbi mara mbili, hakuondoka njiani. Alinisomea kwa sauti, kila neno kweli, kisha akaniuliza kama kuna la kuongeza. Nikasema hapana, baba.

Kwa kuwa kosa liliandikwa kuwa la marehemu, na nyumba ilikuwa ya mfanyakazi, mjane aliambiwa aondoke kabla mwezi haujaisha. Hakupewa hata nafasi ya kumaliza eda yake ndani ya nyumba ya mumewe. Niliwasindikiza mpaka stesheni. Mwanvua, binti yao, alikuwa na miaka tisa, amebeba sufuria mbili kichwani, na alikuwa ananicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa lile gauni la mama yake. Nilikuwa natumikia hukumu yangu. Watu wa stesheni wote walikuwa wanacheka.

Sasa uangalie upya ule msiba. Nilipopiga magoti nikasema ni mimi niliyemuua, nilikuwa naungama. Sikupanga. Shati lake lilikuwa linanuka jasho lake, nikashindwa, maneno yakanitoka. Wakacheka. Nikasema, "Jamani, kweli, bendera niliifunga kiunoni, nilikuwa nacheza!" Wakazidi kucheka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mtani hodari. Nikalia machozi ya kweli, na bibi yule kibogoyo akapiga makofi akasema, "Lo! Huyu Mnyamwezi kazaliwa kwa kazi hii!" Waliponifunga kamba nilishukuru, nikadhani sasa wamenisikia. Babu yako alikuwa amesimama karibu na mlango. Yeye peke yake hakucheka, na hakusema kitu.

Mama Furaha ameingia sasa hivi na kapu lake. Kaniangalia. "Baba Nyamizi, uko nalia?"

"Sabuni imeniingia machoni," nikamwambia.

"Sabuni gani, na mashine imefungwa?" Akatia nguo zake, akatikisa kichwa. "Mutoto anaenda kazi, haiko kufa." Nikamwambia ninalia kwa sababu chumba chako sasa nitakipangisha kwa Mkongo na atanipigia muziki usiku kucha. Akacheka, akanipiga na taulo, akatoka. Umeona? Hata sasa, kalamu ikiwa mkononi.

Ndiyo ilivyokuwa miaka yote, na wewe ndiye uliyeumia nayo. Unakumbuka ulivyorudi kutoka shule ukiwa na miaka kumi na sita, siku ile rafiki yako alipolazwa kwa kumeza vidonge? Ulikaa kwenye kochi na begi mgongoni. Ulitaka kunieleza kitu. Nikaona sura yako, nikaogopa, nikasema kitu cha kuchekesha kuhusu begi, sikumbuki hata nini. Ukasema, "Baba, kuwa siriasi basi, dakika moja tu." Nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Nilikaa kimya labda nusu dakika, halafu nikakuuliza kama begi nalo limelazwa. Uliinuka ukaenda kumwambia mama yako. Mpaka leo sijui ulitaka kuniambia nini, na tangu siku ile mambo yako mazito unampelekea yeye, mimi unaniletea ya kucheka tu. Sikulaumu. Kila jambo zito likinikaribia ninasikia lile fundo chini ya vidole, na mdomo unakenua wenyewe.

Unanitania kila siku kwamba mtoto wa reli anaogopa treni. Kweli. Ndiyo maana napanda mabasi mawili kwenda Takoma Park kuwaogesha wazee wa watu, na treni ya Metro ingenifikisha nikiwa bado sijaamka vizuri. Ndiyo maana hapa University Boulevard, wanapotandika ile njia ya treni ndogo, navuka barabara nipite upande wa pili. Kuna mama mmoja pale mwenye koti la manjano, anashika kibao cha kusimamisha magari. Miezi sasa namwangalia kutoka ng'ambo. Wenzake wanacheka, wanakula, wanarushiana chupa za maji. Yeye hacheki na mtu mpaka abadilishwe zamu. Siku moja nilitaka kuvuka nimwambie ahsante. Nikajiona kichaa.

Mwanvua unamjua, ndiye yule shangazi wa Kisarawe anayenipigia kila Idi. Ulidhani ni ndugu. Ndiye binti wa Kibwana. Amerithi utani wa baba yake, na kila Idi anaanza hivihivi: "Muuaji wa baba yangu, hujafa tu?" Nami namjibu, "Nakusubiri wewe utangulie." Tunacheka mpaka mama yako anakuja kuuliza kuna nini. Miaka yote hii, Nyamizi. Ananiita kwa jina langu halisi, na ninacheka.

Leo asubuhi, ulipokwenda kununua viatu vya jangwani, nilimpigia mimi. Nilisema sitakuandikia wewe kabla sijamwambia yeye, ni haki yake kwanza. Nilikuwa nimekaa kitandani, mlango nimefunga. Akapokea, "Eeh, muuaji, leo si Idi, umekumbuka nini?"

Nikamwambia, "Mwanvua, leo sikutanii. Sikiliza." Nikamweleza yote. Kona, hatua mia mbili, bendera, mdundiko, mgongo wa baba yake. Nikamwambia habari ya ripoti na eda ya mama yake. Nilisema bila kusimama, kama mtu anayetapika.

Nikasikia jogoo kwake, na mtu anafunga geti. Nikasema, "Mwanvua?"

Akasema, "Mtani, leo umezidisha." Akacheka kidogo. Akasema mchuzi unaungua, akakata simu.

Baada ya saa nzima akanitumia ujumbe. Hakuna neno hata moja, ni vile vikatuni vya kucheka huku machozi yanatoka, vitatu. Nimevitazama siku nzima. Sijui ameniambia nini. Hajaniamini, akadhani ni mzaha mbaya? Ameniamini, akaona bora acheke kuliko kuishi na jambo lile? Au alikuwa anajua tangu utotoni, na "muuaji wa baba yangu" ya kila Idi haikuwa utani hata siku moja? Siwezi kumpigia tena. Nikipiga nitamwambia nini, kwamba nilikuwa siriasi? Hivyo ndivyo anavyosema kila mtani.

Sasa umebaki wewe, na wewe sijui nikwambie ufanye nini. Nimefikiria Jumatano yako mpaka kichwa kimeuma. Ukiisimulia kama ulivyoiandika, unabeba uongo wangu mbele ya watu waliokuamini. Ukiisimulia yote, unamvua nguo baba yako mbele ya wageni, na huenda wakaona uliingia kwao kwa hadithi ya uongo. Ukisema huisimulii, watauliza kwa nini. Baba mwenye akili angekuwa na njia ya nne. Mimi sina. Nimekuletea mzigo siku ya safari yako, nikakuachia katikati ya njia, na ninakupungia mkono. Nisamehe hilo kwanza, kabla ya Kibwana.

Na kama ungeniuliza kwa nini basi sikunyamaza tu, ningesema kwa sababu ya kazi yenyewe unayoiendea. Utapiga magoti kwenye udongo wa watu, utashika kifungo cha shati la mtu aliyepasuliwa na baruti, na utajiuliza ni nani alikuwa amesimama wapi siku ile. Najua utauliza, wewe ni mwulizaji. Pale mtakapochimba lazima alikuwepo mmoja aliyeacha kona yake. Huyo hamtampata, hakuacha kikombe. Nilitaka ujue anavyokuwa. Ni mtu wa kawaida, anapendwa na watu, ana mtoto mmoja anayempenda kuliko roho yake, na anachekesha sana.

Sikwambii usicheke. Kicheko chako ndicho kilichonilea mimi hapa ugenini, kuliko nilivyokulea wewe. Nakuomba tu, ukiwa na neno zito la kumwambia mtu, mwambie mapema, siku ileile, kabla hajakuzoea. Mimi nilichelewa siku mbili tu, na siku hizo mbili zilitosha.

Umenipigia simu sasa hivi. Rafiki zako wamefika, wote wanne, na mama yako ameshapakua pilau. Nasikia kelele zenu nyuma. "Baba, njoo juu, wanataka ile ya msiba. Njoo uwasimulie mwenyewe, mimi sijui kuchechemea kama wewe."

Nimesema nakuja. Ningesema nini? Ni jioni yako ya mwisho nyumbani, na uliomba kwa ile sauti. Nitapanda, nitaazima kofia ya mmoja wao, nitachechemea kutoka jikoni mpaka kwenye kochi, nitafoka kwamba pilau limezidi chumvi, na nitapiga magoti niseme nilichosema siku ile. Nitakuwa nakuangalia wewe. Utacheka mpaka ujishike mbavu, kwa sababu kesho ndiyo utajua. Usijilaumu kwa hilo ukiwa kwenye treni, hukukosea kitu, ni mimi niliyepanda ngazi.

Lakini ukimaliza kusoma, tafadhali usinihurumie haraka, na usinitumie kikatuni. Wewe si mtani wangu. Katika dunia nzima uliyebaki ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia hili bila desturi kutuingilia. Kaa nalo hata siku nyingi, halafu unihukumu. Hukumu yoyote, hata ikiwa ya kutonipigia tena. Nilishahukumiwa mara moja, na hakimu alikuwa anacheka.

Baba yako